Bagamoyo au Tanga: tulale wapi ili mama aifikie bahari?

#1 Nyuki wa Singida
Habari zenu wakuu. Naomba msaada wenu, na mnivumilie kwa urefu.

Mwaka jana nilimchukua mama yangu pamoja na watoto wangu wawili tukaenda Bagamoyo siku tatu. Mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua, kazaliwa na kuzeekea Singida, bahari alikuwa anaiona kwenye kalenda za ukutani tu. Hoteli niliitafuta mtandaoni, picha zinaonyesha maji yako hapo hapo mbele ya kibaraza, bluu, viti vya uvivu vimepangwa mchangani. Tumefika, kila asubuhi tukimaliza chai tunashuka bichi tunakuta bahari haipo. Haipo kabisa. Unaiona mstari mweupe kule mbali, katikati ni tope, vidimbwi, na mashua zimelala ubavu. Mama alijaribu. Alienda labda hatua hamsini na fimbo yake, fimbo ikazama, akasimama, akasema nirudisheni. Tumeondoka hajalowesha hata kidole. Hakulalamika, lakini kwenye basi aliniuliza, "Kwani bahari huwa inahama?" Sikuwa na jibu, na hilo swali linaniumiza mpaka leo.

Likizo ya mwezi wa sita nataka kumrudisha pwani, safari hii nafikiria Tanga. Wengine wananiambia Raskazone, wengine Kigombe, wengine Ushongo. Mimi naishi Dodoma, pwani siijui. Tulale wapi ambapo mama ataingia majini bila kutembea nusu kilomita? Na kwa nini kule Bagamoyo maji yalikimbia?

#2 Dereva wa Segera
Ngoja waje wenyewe wenye mkoa.

#3 Mtoto wa Ngamiani
Tumeshakuja. Karibu Tanga dada, na umsalimie mama sana.

Mimi sizunguki, Raskazone. Sababu ya kwanza ni umri wa mama, uko mjini, hospitali ya Bombo iko upande huo huo wa bahari, bajaji zipo saa yoyote, dawa ikiisha unapata. Sababu ya pili maji ya pale yana kina, ghuba ya Tanga imetulia, mawimbi makubwa yanaishia nje huko. Hata maji yakipwa hayakimbii kama Bagamoyo, unashuka ngazi unaingia. Wazee wa hapa wanaogelea asubuhi kila siku, nimekua nikiwaona.

#4 BintiDigo
@Mtoto wa Ngamiani kaka yangu Raskazone naipenda na mimi, jioni upepo wa pale hauna mfano, lakini tuseme ukweli mbele ya mama wa watu. Raskazone mchanga uko wapi? Ni jabali la matumbawe na mikoko. Hizo ngazi unazosema zina mwani, zinateleza, mimi nina miaka 30 nashika chuma kwa mikono miwili. Mtu wa magoti hashuki ngazi halafu akakuta kina, huyo anataka mchanga unaoinama taratibu akae maji yamfike kiunoni.

Dada nenda Kigombe au upande wote ule wa barabara ya Pangani. Ni kama kilomita 30 kutoka mjini. Minazi ipo, mchanga upo, kijiji ni cha wavuvi, samaki unanunua akiwa bado anapumua.

#5 Zaramo Halisi
Naona Bagamoyo inasemwa na mwenyewe nipo.

Dada pole kwa mama. Jibu la swali lako la pili ni hili, pwani ya Bagamoyo ni bapa, imelala kama mkeka. Mto Ruvu unamwaga maji yake baharini pale kaskazini ya mji na unakuja na udongo wake kutoka huko juu Uluguru, miaka na miaka, ndio maana maji yetu yana rangi ya chai ya maziwa na ndio maana kamba wapo. Pwani bapa maji yakishuka kidogo tu yanaenda mbali. Wenye makosa ni waliokuuzia picha ya bluu.

Na bado mngeenda Kaole mkaona kitu. Magofu ya karne ya 13.

#6 Dereva wa Segera
Na Livingstone kazikwa pale misheni.

#7 Zaramo Halisi
Hapana mkuu. Mwili wake ulilazwa pale mwaka 1874 ukisubiri meli, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliubeba kwa miguu kutoka bara huko. Kaburi lake liko London. Hili jambo nalirudia kila mwaka.

#8 Nahodha Mstaafu
Asalaam aleikum. Binti yangu wa Singida, nikuulize mawili kabla sijasema neno. Mlipokuwa Bagamoyo, usiku kulikuwa na mwezi au kiza? Na bichi mlikuwa mnashuka saa ngapi hasa, na jioni mlikuwa wapi?

#9 Nyuki wa Singida
Shikamoo mzee. Mwezi ulikuwa mkubwa mpaka watoto walicheza nje bila taa. Bichi tulikuwa tunashuka saa nne hivi, kwa sababu mama chai anakunywa taratibu. Jioni tulikuwa matembezini, siku ya kwanza Kaole, siku ya pili misheni, siku ya tatu tuliondoka saa nane mchana.

#10 Nahodha Mstaafu
Marahaba. Basi binti yangu bahari haikuhama, mlipishana nayo njiani.

Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama mpya, huku kwetu ni bamvua. Bamvua maji yanajaa sana na yanakupwa sana, kati ya juu na chini inafika mita tatu na zaidi. Na pwani yetu hii saa za bamvua ni zile zile miaka yote, hujaa kama saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, hupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku inayofuata yanachelewa dakika hamsini hivi. Sasa nyie mlikuwa mnashuka saa nne, ile ile saa bahari iko chini kabisa, na saa kumi ilipokuja kugonga ukuta wa hoteli nyie mko Kaole mnaangalia makaburi. Siku ya tatu mlikosea saa mbili tu, mngekaa kidogo ingemfuata mama mlangoni.

Mwezi ukiwa nusu, tarehe saba na tarehe ishirini na mbili kwa hesabu ya Kiislamu, hapo ni maji mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana. Saa nne asubuhi unayakuta yamejaa kiasi, alasiri yametoka kiasi.

Kwa hiyo mimi nasema usianze na wapi, anza na lini. Chukua kalenda yenye mwezi ndio upige simu hotelini.

#11 Mtoto wa Ngamiani
Mzee kamaliza. Uzi ufungwe.

#12 BintiDigo
Haufungwi. Mzee Nahodha namheshimu, lakini bamvua saa nne asubuhi twende Bagamoyo kisha twende Ushongo, maji yatakuwa yametoka kote, ila kule utakanyaga tope na huku utakanyaga mchanga mgumu. Mama mwenye fimbo atatembea kwenye mchanga mgumu, kwenye tope hatembei. Kwa hiyo mahali pana neno lake.

#13 Kapteni wa Nchi Kavu
Nyote mmesahau upepo. Mwezi wa sita ni kusi. Kusi ndio inasukuma maji yaende nje, mimi nimekaa Bagamoyo miaka minne, miezi ya kaskazi bahari inakuwa juu na imetulia kama sinia, ikianza kusi inachafuka na maji yanakuwa mbali.

#14 Nahodha Mstaafu
@Kapteni wa Nchi Kavu kusi inaleta mawimbi na inapoza mwili, hilo kweli, na chombo kidogo kusi ikikolea hakitoki. Lakini kusi haiwezi kuondoa maji mita tatu kisha ikayarudisha alasiri. Hiyo ni kazi ya mwezi.

#15 Kapteni wa Nchi Kavu
Sijabishana na elimu yako mzee, ila miaka minne nimeona kwa macho yangu.

#16 Bweni Kwetu
Nimechelewa nilikuwa shamba. Naona Ushongo imetajwa mara moja tu imepitwa, na ndio kwetu.

#17 Nyuki wa Singida
@Bweni Kwetu tafadhali nieleze, rafiki yangu aliniambia Ushongo ni pale pale Pangani mjini, unashuka basi unatembea.

#18 Bweni Kwetu
Hapana dada, usije ukashushwa stendi Pangani usiku na mama ukaanza kutafuta Ushongo. Iko hivi. Tanga mpaka Pangani mjini ni kama kilomita 50. Pangani imekaa kwenye mdomo wa mto, ukingo wa kaskazini. Ushongo iko kusini, inabidi uvuke mto kwa kivuko utokee Bweni, halafu kama kilomita 15 za barabara ya vumbi. Daraja linajengwa, muulize mwenyeji wako limefikia wapi siku unayokuja. Kwenye kivuko mimi siku zote nashushwa kwenye gari navuka kwa miguu, kwa hiyo mwambie mama mapema avae viatu vya kutembelea, na pale kwenye mteremko mshike mkono.

Uzuri wa Ushongo ni kwamba uko mbali kidogo na mto. Pangani mjini maji ni ya kahawia kwa sababu mto unakuja na udongo kutoka Kilimanjaro huko na njia nzima, ukiogelea karibu na mdomo unaona rangi mbili zimekutana. Ushongo maji yameshasafika. Mchanga ni mweupe, mgumu, bodaboda zinapita juu yake maji yakiwa yametoka. Nyumba za wageni ziko chini ya minazi, mlango wako na bahari katikati hakuna barabara hakuna ukuta.

Ubaya nao nisiufiche. Hospitali kubwa iko mbali, mtandao wa simu unakamatika ukisimama sehemu fulani, duka ni moja moja. Kuna mabanda yanatumia sola na saa tano usiku feni inazima. Kama mama ana dawa za kuweka kwenye friji uliza hilo kwanza.

#19 Shungi la Pwani
Naomba niongeze hapo kwenye kuuliza, maana nimefanya kazi risepsheni ya hoteli za pwani miaka sita na najua mtu anavyodanganywa, hata nami nilikuwa naambiwa niseme hivyo.

Ukiona imeandikwa chumba kinatazama bahari, uliza kinatazama ukiwa umekaa kitandani au ukiwa umeinama dirisha la choo. Uliza kutoka mlangoni mpaka mchanga kuna ngazi ngapi, wakuhesabie. Mwambie akupigie picha kwa simu saa hiyo hiyo unayoongea naye, sio ya kwenye albamu, na umwambie akurekodie video akitembea kutoka chumbani mpaka majini, asikate. Mwenye nyumba nzuri atakutumia kwa furaha. Akikwambia mpiga picha kasafiri, achana naye.

Uliza mikoko iko umbali gani. Mikoko ni mizuri na samaki wanazaliana humo, lakini chumba kilichopakana nayo jioni kina visubi, wale wadogo wanaopita kwenye tundu za chandarua. Mbu ana dawa, kisubi anakuacha unajikuna wiki nzima. Chandarua kinyanyue ukiangalie kwenye mwanga.

Halafu bafuni. Hoteli nyingi za bichi zimeweka sinki zuri la mawe na kokoto za baharini sakafuni, inapendeza kwenye picha, mama mwenye magoti ataanguka. Mimi nilishuhudia bibi mmoja kavunjika kiganja, na hoteli wakamwambia alipaswa kuwa makini. Hilo liliniondoa kazini. Sakafu ya saruji ya kawaida na kiti cha plastiki cha kukalia akioga ni bora mara mia kuliko kokoto.

#20 Nyuki wa Singida
Asante sana dada Shungi. Hilo la kokoto nisingewaza kamwe.

#21 Dereva wa Segera
Mimi la njia ndio langu. Kutoka Dodoma na mzee msikaze siku moja. Lala Morogoro, asubuhi Chalinze, kata kushoto mpaka Segera, halafu Muheza, Tanga. Muheza simama ununue machungwa, wanayapanga mafungu barabarani, mwenyeji anakumenyea la kuonja. Kiti cha mama kiwe mbele, kila masaa mawili ashuke anyooshe miguu.

Usidanganywe upite Bagamoyo Saadani kwa gari dogo mvua zikiwa hazijakauka. Nilikwama huko na wateja, tulilala kwenye gari tukisikia tembo wanavunja matawi.

#22 Kapteni wa Nchi Kavu
Saadani si iko Bagamoyo, kwa nini asilale huko huko aone simba na bahari kwa mpigo?

#23 Zaramo Halisi
Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na inagusa Pwani na Tanga kwa pamoja, ukitoka Bagamoyo mjini ni safari. Ndio pekee nchini ambapo wanyama wanakutana na bahari, inasifika kwa haki. Lakini kwa mama na watoto wanaotaka kukaa majini, kule usiku hutoki nje ya banda bila mlinzi.

#24 Mtoto wa Ngamiani
Bado sijasikia aliyejibu hoja ya hospitali. Mnasema mchanga mchanga, mama akipandisha presha usiku Ushongo mtavuka mto na nini? Mama yangu mzazi alizidiwa tukiwa kwenye sherehe ng'ambo ya mto, tulisubiri chombo mpaka nikalia. Alipona, alhamdulillah, ila tangu siku hiyo mzee wa familia yangu halali mbali na mji. Samahani nimeandika kwa uchungu.

#25 Bweni Kwetu
Pole kaka. Hilo sibishi. Dada kama mama ana presha au sukari, nenda kwanza kliniki Dodoma, ubebe dawa za kuzidi siku zako, na ulale mahali penye gari lake lenyewe lililolala hapo hapo.

#26 Nyuki wa Singida
Mama presha hana, ni magoti tu. Lakini nimelisikia kaka Ngamiani, na nimefurahi umelisema.

#27 Sista Doto
Kuhusu taa za usiku niongezee kitu kidogo. Kama mtalala Ushongo chagueni mahali ambapo usiku hawawashi mataa makubwa kuelekea baharini. Kule kuna mayai ya kasa, yanaletwa kutoka kisiwa cha Maziwe kwa sababu kile kisiwa maji ya bamvua yanakifunika, yakibaki yanaoza. Wanayafukia upya mchangani Ushongo, yanakaa kama miezi miwili. Vikasa vikitoka vinafuata mwanga, kwa kawaida mwanga wa bahari usiku, sasa ukiweka taa ya jikoni vinageuka vinaenda jikoni. Nilishika kimoja kilichopotea, kinajaa kiganjani, mapezi yanapiga piga kama kinaogelea hewani. Waulizeni wenyeji kama siku zenu kuna shimo linalotoka, watoto hawatasahau.

#28 BintiDigo
Maziwe jamani. Bibi yangu anasema ujana wake kilikuwa na miti.

#29 Bweni Kwetu
Mivinje, mingi. Babu alikuwa anapumzika kivulini pale akivua. Wavuvi walikata kuni za kukaushia samaki ikaisha, miti ilipoisha mchanga ukakosa wa kuushika.

#30 Nahodha Mstaafu
Nami nilishuka Maziwe miti ikiwa imebaki michache. Kuni zilikatwa, ndiyo, lakini ile niliyoiona ilikuwa imeanguka na mizizi yake yote juu, imelala inatazama bahari. Mti uliokatwa hauanguki na mizizi. Mkondo ulikula mchanga kwanza.

#31 Mwalimu wa Makorora
Au bahari yenyewe imepanda. Magofu ya Tongoni hapo njiani, kati ya Tanga na Pangani, makaburi yanazidi arobaini na maji yanayasogelea. Wanafunzi wangu niliwapeleka, mmoja akauliza waliozika hapa walizika karibu na maji hivi kweli? Swali zuri. Kama ukuta wa pwani unaliwa Tongoni, kisiwa cha mchanga kitapona vipi.

#32 Bweni Kwetu
Babu hakuwa mwongo mwalimu.

#33 Mwalimu wa Makorora
Sijasema hivyo ndugu yangu. Yote matatu yanaweza kuwa.

#34 Nahodha Mstaafu
Yanaweza, ila lililoanza ni mkondo.

#35 Kapteni wa Nchi Kavu
Naomba turudi kwa mama wa Singida kabla hatujafika Pemba.

#36 Nyuki wa Singida
Nimekaa na kalenda. Likizo ya watoto inaniruhusu wiki mbili. Nikifuata mzee Nahodha nina njia mbili, niende maji mafu ili asubuhi baada ya chai maji yawepo karibu, au niende bamvua nimpeleke alasiri. Kipi bora kwa mtu anayeogopa?

#37 BintiDigo
Maji mafu. Hayana nguvu, hayavuti, anakaa anazoea.

#38 Nahodha Mstaafu
Bamvua alasiri. Maji yakija yanapita juu ya mchanga uliopigwa jua toka asubuhi, yanafika ya uvuguvugu. Magoti yatashukuru. Ila aingie yakiwa yanajaa, yakigeuka kutoka atoke nayo.

#39 Shungi la Pwani
Siku nane tisa, anza maji mafu umalize bamvua. Utaona yote.

#40 Zaramo Halisi
Na mimi nasema kwa moyo mmoja, Bagamoyo ile ile, saa kumi kasoro, mwezi mpevu, bahari inakuja mpaka kwenye mizizi ya minazi. Msiwe mmeifuta.

#41 Nyuki wa Singida
Wakuu nimerudi. Ni mwezi wa saba, nimefika Dodoma juzi, naandika hii kabla sijasahau.

Tulilala usiku mmoja Tanga mjini kwa ajili ya kaka Ngamiani, nikajua hospitali iko wapi, nikahifadhi namba ya mwenye gari. Jioni tukakaa Raskazone tukatazama kile kisiwa cha Toten, mama kaambiwa jina lake ni la Kijerumani la wafu, akasema basi tusikielekezee kidole. Siku ya pili tukavuka mto kwenda Ushongo. Nyumba niliichagua kwa video ya dada Shungi, kijana wa pale alitembea kutoka kitandani mpaka majini bila kukata, hatua 64, ngazi moja. Sakafu ya saruji.

Siku mbili za kwanza yalikuwa maji mafu. Asubuhi yapo, lakini kusi ilikuwa inapiga, vimawimbi vifupi vifupi, na mwani mwingi umetupwa pwani. Mama akafika mpaka kwenye mwani, akaugusa kwa fimbo, akarudi. Nilianza kukata tamaa kusema kweli.

Siku ya tisa, mwezi mpevu, saa tisa na nusu kijana akaja akabisha hodi, akasema mama yanakuja. Tulitoka. Mchanga wote tuliotembea asubuhi ulikuwa unafunikwa polepole, maji membamba kama karatasi yanateleza juu ya mchanga wa moto, yana povu kidogo ukingoni. Kijana akachukua kiti cha plastiki cha kibarazani akakikita mchangani mahali pakavu. Mama akakaa na khanga yake, fimbo mapajani. Hatukumpeleka majini, tulisubiri yamfuate. Yalimfika vidoleni, akanyanyua miguu, akaishusha. Yakafika kwenye vifundo. Yakafika magotini, hapo akaweka mikono yote miwili ndani akawa anayasugua magoti kama anavyoyasugua na mafuta ya alizeti nyumbani. Kisha akachota kwa kiganja akaonja. Akanigeukia akasema, "Kumbe ni kweli."

Alikaa mpaka kiti kilipoanza kuelea. Watoto na kijana wakamnyanyua na kiti chake.

Sasa sijui nimshukuru nani, mwezi, mchanga, au yule kijana.

#42 Nahodha Mstaafu
Alhamdulillah. Mwezi.

#43 BintiDigo
Mashallah nimelia. Mchanga mgumu huo, kiti kingekitwa kwenye tope?

#44 Kapteni wa Nchi Kavu
Na mwani uliletwa na kusi, nilisema.

#45 Mtoto wa Ngamiani
Asante kwa kulala mjini dada. Sana.

#46 Zaramo Halisi
Hongera kwa mama. Siku ile ile, saa ile ile, na huku maji yalikuwa kwenye minazi. Nilienda kuangalia kwa ajili yenu.

#47 Nyuki wa Singida
@Zaramo Halisi nilimsomea mama ujumbe wako. Anauliza mwakani mwezi mpevu wa likizo utaangukia tarehe ngapi. Anataka arudi Bagamoyo aikute ikiwa nyumbani.

#48 Zaramo Halisi
Nipe mpaka kesho, namuuliza mzee wa soko la samaki. Mwambie mama kiti ninacho.